Mwandishi wa Habari Hadi Saa Sita Mchana

Ndugu Msajili wa Waandishi wa Habari,

Natumaini barua hii inakukuta umeshakunywa chai. Mimi ni fundi bomba. Kila asubuhi huwaandikia majirani zangu mia sita, kwenye kundi letu la simu, mtaa upi utapata maji na upi uandae ndoo. Juzi niliandika kwamba sisi tumekauka wiki ya tatu kwa sababu koki yetu imefungwa, kwa amri ya maandishi, ili bwawa la kuogelea la mheshimiwa mmoja lijae. Nikaweka na picha ya koki. Jana mkaniita, nami nina malalamiko yafuatayo:

1. Saa tatu asubuhi ofisa wako alinisomea sheria: anayekusanya habari na kuisambaza kwa umma ni mwandishi wa habari, hata kama ana simu tu. Na kwa kuwa sina kitambulisho cha uandishi, nina kosa. Akachukua simu yangu. Sikubisha, maana sijawahi kupandishwa cheo haraka namna hiyo.

2. Saa sita akataka nimtaje aliyenionyesha amri ile. Nikamweleza kwa adabu kwamba sheria hiyohiyo, ukurasa unaofuata, inamruhusu mwandishi kutomtaja aliyempa habari. Alicheka hadi akashika meza. Akasema mwandishi ni mwenye diploma na mwajiri, mimi ni fundi bomba tu. Ndugu Msajili, huyo aliyenionyesha amri ana watoto wanne na kazi moja, na jina lake limo ndani ya simu mliyoichukua. Namba ya siri sikuwapa na siwapi. Nina hasira, na sioni sababu ya kuificha.

3. Kama kila anayesambaza ni mwandishi, mkamateni mke wangu, anayetangaza mgawo wa maji juu ya ukuta na kusikika kuliko redio. Mkamateni na shemeji yangu, anayepokea tangazo hilo na kuliongezea chumvi. Mkimaliza, likamateni bomba lenyewe, maana ndilo la kwanza kutoa taarifa kwamba halina kitu.

4. Waandishi wenu watano wenye vitambulisho walialikwa kwenye uzinduzi wa bwawa hilo. Walikula, wakaandika kwamba maji yake ni ya buluu. Vitambulisho vyao ni halali kabisa.

Kwa hiyo nifuteni kwenye jalada lenu. Mimi si mwandishi, sitaki kuwa, wala sijui kazi hiyo inaanzia wapi. Nirudishieni simu bila kuifungua, nirudi kwenye mabomba yangu.

Nisalimie katibu muhtasi, wahudumu wote, na ofisa wako mwenye kicheko. Wa nyumbani kwako pia wasalimie, kama wana maji ya kunawia.

Wako mtiifu mpaka koki ifunguliwe,
Fundi Bomba

Tanbihi: Nikiwa kwenye benchi lenu niliona matangi sita ya maji yenye maandishi ya zahanati yakipakiwa kwenye gari lako. Namba za gari ninazo, na watu wawili wamenithibitishia, kila mmoja kwa wakati wake, yaliposhushwa. Ili nitende haki kwa pande zote mbili, naomba maelezo yako kabla ya saa kumi jioni, kupitia simu ya mke wangu. Ukikaa kimya, nitaandika kwamba ulipotafutwa hukupatikana.