Juu Bure, Chini Wiki Ijayo

Walaghai wengi hutazama mifuko ya watu. Sukari alikuwa akitazama midomo, na ndiyo maana hadithi hii inaanzia kwenye kicheko.

Alikuwa amejibanza kwenye kivuli cha duka la magodoro, hana shughuli zaidi ya kukwepa jua na watu wawili watatu waliokuwa wakimtafuta, alipomwona mwenye duka akitaniana na mteja. Mwenye duka alikuwa na saa ya dhahabu na mkufu ambao ungetosha kufungia mbuzi. Mteja, mama wa makamo, alikuwa amevaa bangili hadi karibu na kiwiko. Walicheka sana, lakini kila mmoja akicheka alifunika mdomo kwa kiganja. Sukari akasogea aone kulikoni. Chai nzito asubuhi, kahawa mchana, sigara za hapa na pale: meno yao yalikuwa na rangi ya birika la zamani.

"Wana dhahabu mkononi na aibu mdomoni," alijiambia. "Masikini ya Mungu. Lazima wasaidiwe."

Juu ya duka lile palikuwa na chumba cha daktari wa meno aliyekwenda kusoma ng'ambo. Kiti kilikuwapo, taa ilikuwapo, na mashine ya kusafishia meno kwa hewa ilikuwapo, imefunikwa shuka. Msimamizi wa jengo alikuwa akitafuta mpangaji, na wala hakuuliza vyeti. Aliuliza tu kama mpangaji anavuta sigara. Sukari akasema havuti, na huo ukawa uongo wake wa kwanza ndani ya jengo hilo.

Hapa sina budi kusema kweli, hata kama inaharibu hadithi ya wizi: mashine ile ilikuwa nzuri. Ilipuliza hewa, maji ya vuguvugu na unga laini kama poda ya mtoto, na ilipopita kwenye jino madoa yaliondoka bila kukwaruza na bila kuumiza fizi. Ugaga mgumu ulioganda tangu enzi haikuuweza, na mgonjwa akiuliza, Sukari alimweleza kwa huzuni kwamba huo ni wa kurithi, akaulize kwao. Alijifunza kuiendesha kwa video za simu na kwa meno ya mlinzi wa jengo, ambaye tangu siku hiyo alianza kuwasalimia hata watu asiowapenda.

Kilichobaki ni mwenzake wa kazi. Alimpata kwenye kona ya soko la nguo akiuza mapambo ya bandia: mikufu, pete na hereni za shaba, zimeng'arishwa hata Sukari, mtu wa fani hiyo, akazishika mara mbili. Binti alizitengeneza mwenyewe. Alikuwa kimya kama maji mtungini. Sukari akamvika gauni jeupe, akamwita Sista, akamwahidi nusu.

"Nusu ya nini?" binti aliuliza.

"Nusu ya kila kitu."

"Lini?"

"Tukimaliza."

Sista akainamisha kichwa, na kazi ikaanza.

Bango nje lilisema: MENO YANG'AE BILA MAUMIVU. JUU BURE. Na chini je? Chini wiki ijayo, kwa bei ya kawaida. Hapo ndipo palipokuwa na ufundi. Mtu akisafishwa meno ya juu peke yake, kisha akajitazama kwenye kioo, juu anaona maziwa na chini anaona kahawa. Mtu wa namna hiyo hatulii nyumbani. Atarudi wiki ijayo hata kama ana homa.

Siku ya kwanza Sista alimpiga mgonjwa picha. "Cheka, mama. Weka mkono shavuni. Geuka kidogo, tupate rangi halisi ya meno." Picha ilipata rangi ya meno, ikapata na pete, na mkufu, na hereni, na wiki moja ilimtosha Sista kutengeneza pacha wa kila kimoja. Siku ya pili mgonjwa alikuta tangazo ukutani: VUA DHAHABU YOTE, UNGA HUU UNAILA. Akavua, akaweka bakulini, akavikwa miwani myeusi ya kukinga macho, akatiwa mrija wa kufyonza mate, akafungua mdomo. Mtu aliyelala hivyo haoni wala hasemi, na hata akihisi jambo atasema "aa" tu. Sukari alipuliza, Sista akabadilisha.

"Daktari, huu unga kweli unakula dhahabu?" mwenye magodoro aliuliza akivua ile saa.

"Mzee wangu, unga na dhahabu ni paka na samaki."

"Paka ni nani hapo?"

"Wewe fungua mdomo."

Alitoka na meno meupe na saa ya shaba, akamkumbatia Sukari mbele ya watu, akamletea mke, mashemeji na hata mshindani wake wa biashara. Neno bure lina ukoo mkubwa.

Ada ya meno ya chini iliishia kwenye kodi na unga wa mashine, lakini dhahabu yote iliingia kwenye kifuko cha ngozi alichokivaa Sukari shingoni, chini ya koti jeupe. Sista akiulizia nusu yake, aliambiwa haraka haraka haina baraka. Sista akawa anainamisha kichwa.

Tusimwonee Sukari. Kifuko kile hakikuwa tamaa tupu. Mwanamume alikuwa amechoka. Tangu ujana alilala amevaa viatu, aliondoka kila mji bila kuaga, na mlango ukigongwa moyo wake ulikimbia kabla ya miguu. Ndani ya kifuko kile palikuwa na nyumba yenye baraza, mahali mbali ambapo hakuna anayemfahamu, na mwisho wa kutoroka. Lakini shaba ina tabia mbaya: ikizoeana na jasho huacha ukijani kwenye ngozi. Siku zilikuwa zikimwishia. Alihitaji mgonjwa mmoja mkubwa, kisha atokomee.

Mgonjwa mkubwa alipanda ngazi akihema, bangili zikigongana kila hatua. Aliitwa Mama Maghorofa, kwa sababu ya majumba yake upande wa pili wa mji. Majumba hayo aliyataja mwenyewe, na hakuna aliyekwenda kuyahesabu. Sukari alimsafisha meno ya juu kwa mapenzi. Sista akapiga picha nyingi. Wiki nzima Sukari alitembea kama mtu aliyeposa akakubaliwa, akafunga na begi lake kabisa.

Mama Maghorofa akarudi siku yake, dhahabu zimeongezeka.

"Karibu kitini, mama."

Hakukaa. "Subiri kwanza, daktari. Hebu cheka."

"Nicheke?"

"Cheka nikuone."

Sukari akacheka kile kicheko chake cha kufungulia milango.

"Yalaa! Mwanangu, ndiyo meno gani hayo? Si afadhali yangu kabla sijaja hapa!"

"Kazi nyingi, mama. Kinyozi hajinyoi."

"Hajinyoi, lakini hunyolewa na mwenzake. Sista huyu si yupo? Wiki nzima najiuliza, huyu kijana mbona anauza dawa asiyoinywa? Lala hapo nione. Ukiamka salama nalala mimi. Na kwenye gari nina wadogo zangu wawili, hao wamevaa kunishinda."

Wadogo wawili! Sukari akaiona baraza ya nyumba yake ikiongezeka upana. Akavua koti, akalala. Sista akavaa glovu, kisha akaonyesha ukutani.

"Daktari, dhahabu."

"Mimi nina dhahabu gani?"

"Na hicho kilichovimba kifuani?" Mama Maghorofa aliuliza. "Au ni jipu?"

Sukari alifikiri haraka, na kila alikofikiria palikuwa na ukuta. Akisema si dhahabu, mama atataka kuona. Akisema unga hauli dhahabu, biashara yote imekwisha. Mchimba kisima huingia mwenyewe, walisema wahenga, ila hawakusema kwamba ataingia huku akitabasamu.

"Ni urithi wa marehemu mama yangu," alisema.

"Basi si ndiyo uutunze! Usije ukaliwa na unga. Tia bakulini."

Alikitia. Lakini hakuwa mjinga. Alilikalisha bakuli juu ya tumbo lake mwenyewe na kulishika kwa mikono yote miwili.

"Mkono mmoja shika mrija, Daktari," Sista alisema kwa upole. "Mwingine uwe huru. Ukiumia, uuinue."

Yalikuwa maneno ya Sukari mwenyewe, aliyomwambia kila mgonjwa. Angeyakataaje?

"Bakuli nitakushikia mimi, papo hapo tumboni kwako," alisema Mama Maghorofa. "Utalisikia uzito wake. Usiwe na shaka, mwanangu, mimi mtu mzima."

Miwani myeusi ikashuka na dunia ikafutika. Mrija ukaanza kukoroma pembeni ya ulimi, na ule ulimi uliokuwa umeuza dawa ya upara, kiwanja cha jirani na jeneza la mtu aliye hai ukalazwa kando. Hewa ikaanza kupuliza. Sukari alikunja vidole vya miguu akingoja maumivu, lakini hayakuja. Kilichokuja ni uvuguvugu, unga wenye ladha ya ndimu na mnong'ono wa maji kwenye fizi. Kumbe ndiyo maana wagonjwa wake walikuwa wakisinzia!

"Umeoa, daktari?" Mama Maghorofa aliuliza.

"Aa."

"Hujaoa?"

"Aa."

"Vijana wa siku hizi hamjulikani mnataka nini."

Uzito wa bakuli ulikuwa palepale, unamtuliza. Mara moja tu ulipungua.

"Aa?" aliuliza Sukari.

"Chafya, mwanangu," alisema Mama Maghorofa, na kweli akapiga chafya kubwa ya kutikisa kiti. Uzito ukarudi. Sista akaendelea jino kwa jino, juu na chini, bila haraka. Alikuwa na mkono mwepesi kuliko wa Sukari, na Sukari alikiri hilo moyoni.

Miwani ilipotoka, kifuko kilikuwa bakulini. Alikipima mkononi, uzito ni uleule. Akakivaa. Mama Maghorofa alimkodolea macho mdomoni na kupiga makofi.

"Haya ndiyo maneno! Sasa nimeamini. Ngoja nikawaite wadogo zangu, waone kwa macho yao. Sista, nishike mkono, ngazi hizi zina hila."

Wakatoka. Sukari akasimama mbele ya kioo. Hakuwa amejiona hivyo tangu utotoni. Alicheka kidogo, akacheka zaidi, akajaribu kicheko cha pembeni. Mtu mzuri kabisa! Kutoka dirishani alimsikia Sista akisema, "Taratibu, shangazi," na akafurahi kuwa na msaidizi mwenye adabu.

Alichungulia ili awahesabu wale wadogo. Chini palikuwa na teksi tupu na dereva wake. Mama Maghorofa aliingia kwanza, Sista akafuata, na kabla mlango haujafungwa binti yule aliyekuwa kimya siku zote alicheka kwa sauti, kichwa nyuma, bila kufunika mdomo. Teksi ikaondoka kwa mwendo wa watu wasio na wasiwasi.

Sukari alifungua kifuko. Vyote vilikuwamo: saa ya mwenye magodoro, mkufu wa kufungia mbuzi, pete za mashemeji, hereni za mshindani. Hakuna kilichopungua. Akasugua saa kwa kidole chenye mate, akanusa. Akaing'ata pete kwa meno yake mapya.

Shaba. Muda wote ule Sista alikuwa akitengeneza pacha wawili wawili, mmoja wa mgonjwa na mmoja wa Daktari, na ile chafya ndiyo iliyobadilisha kifuko kwa kifuko.

Aende polisi aseme nini? Kwamba ameibiwa vitu alivyoiba? Alikaa kwenye kiti chake cha meno, akalia kama mtu aliyefiwa, na hakukuwa na mtu wa yeye kumdanganya kwamba halii.

Mlango ukagongwa. Moyo ukakimbia kama kawaida yake, lakini miguu haikuwa na nauli. Akaingia mwanamume wa makamo mwenye ovaroli lenye madoa ya kutu, fundi bomba, amevua kofia.

"Samahani, daktari. Nimeona mlango wazi. Binti yangu anaolewa, na watu wa picha wamesema tucheke. Mimi huwa sichekagi." Akatazama tangazo ukutani, akatazama mikono yake mitupu. "Dhahabu sina."

Sukari naye akaitazama mikono ile. Haikuwa na hata saa. Hakukuwa na kitu cha kupiga picha, wala cha kutengenezea pacha, na fundi wa shaba za kubadilishia alikuwa amekwenda na teksi. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake alikuwa na mteja asiye na kitu cha kuibiwa.

"Lala," alisema.

Akamsafisha juu na chini. Alianza ovyo, akiwaza nauli tu. Lakini madoa ya fundi bomba yalikuwa makaidi, na ukaidi wao ukamshika. Akajikuta ameinama, akifuata kona moja ya jino kana kwamba ana ugomvi nayo. Walipomaliza, fundi bomba alisimama mbele ya kioo. Kisha akacheka, akashtuka kwa sauti yake mwenyewe, akacheka tena.

Akatoa noti mfukoni, akazinyoosha, akaziweka mezani. Akamshika Sukari mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Mungu akuzidishie, daktari. Watu wakweli kama wewe mmebaki wachache."

Akashuka ngazi akipiga mluzi. Sukari alibaki amesimama mbele ya zile noti. Zilitosha nauli. Maisha yake yote alikuwa amechukua fedha za watu, na kila mara alijua la kufanya baada ya hapo. Hizi hakujua azishikeje, maana hazikuwa na mtu wa kumkimbia.