Teke la Kuruka na Bunduki ya Mti

Jumatatu, 4 Agosti 2025
Msiba! Tabita, kiongozi wa kikundi chetu cha maigizo hapa Chapwa, ametugawia nafasi za igizo la Nane Nane. Mimi mlinzi wa duka. Osea jambazi. Mimi natoa karate, Osea anatoa bunduki, paa, nimekufa. Onyesho la kwanza! Mimi, mwenye mkanda mweusi! Nikamweleza Tabita kwamba teke langu la kuruka lina kasi kuliko risasi. Akasema niruke tu, mradi nife.

Na Imelda ametuma salamu kwamba atakuja. Mke wangu huyo, yuko Nakonde, ng'ambo ya mpaka, kwa dada yake tangu Pasaka. Aliondoka akisema mwanaume wa kupiga hewa uani hamlindi mtu. Akiniona nimeshinda, atarudi.

Jumatano, 6 Agosti
Dawa imepatikana. Bunduki ya Osea ni ya mti. Mlio anautoa Sadoki nyuma ya pazia, kwa kugonga bati. Bila bati hakuna mlio. Bila mlio, sifi!
Nimesonga ugali wa watu wawili, mazoea tu. Nimeumaliza peke yangu.

Ijumaa, 8 Agosti
Asubuhi nikaiba bati. Liko chini ya godoro.
Ukumbi ulijaa. Imelda mstari wa mbele, na kile kitenge cha kijani nilichomnunulia. Osea akanielekezea bunduki. Kimya! Nyuma ya pazia nikamsikia Sadoki anapekuapekua. Nikakunja ngumi, nikaruka. Ndipo ukumbi mzima ukapiga kelele: Paa! Na ile sauti iliyozidi zote naijua. Nimeishi nayo miaka tisa.
Nikaanguka. Ningefanyaje? Nikaendelea kufa hata pazia lilipofungwa, nikidhani atakuja kuniinua. Nilipofumbua macho, yupo Tabita tu, anafagia. Akasema Imelda amecheka mpaka machozi, kisha ameondoka haraka ili awahi kuvuka mpaka.

Jumapili, 10 Agosti
Mgongo unauma. Bati bado liko chini ya godoro. Nyumba kimya, na nimemkumbuka Imelda, nasema kweli.
Lakini kosa nimelijua: ni bunduki! Baada ya ibada nikamsihi Tabita igizo la Krismasi liwe la enzi za mababu, bunduki hazijafika. Amekubali. Mimi mlinzi wa chifu. Osea ananichoma mkuki, onyesho la kwanza.
Vizuri sana. Mkuki hauna mlio. Nitaudaka. Nimeshamtumia Imelda ujumbe, aje akae palepale mbele.