Viza Yangu na Vidole Vilivyobanduka

Mwenzenu leo nimeaibika. Kibiti mjini, mchana kweupe, na abaya yangu ya mawe inang'aa mwili mzima!

Kwa wasionijua, mimi ni mpishi hotelini Maskati. Nimekuja likizo kwetu Dimani, na viza yangu ya kazi inakaribia kuisha. Bosi alisema wazi: nikachukuliwe alama za vidole kwa wakala hukuhuku, zitumwe, viza mpya itoke, ndipo nirudi. Ikiisha kabla, nafasi yangu anapewa mwingine. Na wanaoitolea macho hawana hata haya.

Sasa wiki iliyopita nilimkuta wifi yangu Salma, mke wa kaka, anachoma korosho uani. Nikaingiwa na kiherehere. (Nilitaka picha ya kurusha mtandaoni, nisiwadanganye.) Nikavuta kigoda, nikaanza kubangua.

"Wifi, paka majivu mikononi kwanza," akaniambia. "Hizo hazijaungua vizuri, maganda bado yana mafuta."

Nikabetua mdomo. "Majivu? Mikono hii ya losheni ya Maskati? Hebu niondolee ushamba wako!"

"Haya, mama Maskati."

Mnaojua korosho mshajua. Yale mafuta ya ganda hayana adabu. Siku ile nilipata weusi tu. Baadaye vidole vikaanza kuwasha, kisha ngozi ikabanduka, kidole kimoja baada ya kingine. Ikabaki ngozi laini, nyekundu, inang'aa. Na mimi huyo nikajisifu eti nimepata vidole vya kitoto! (Ningenyamaza basi.)

Leo asubuhi nikatua kwa wakala. Miwani ya jua, udi, mkoba begani. Chumba kimejaa watu wa kwetu wanaofanya kazi Uarabuni, kila mtu na pasipoti yake. Mbele yangu jamaa mmoja wa Mloka, mtunza bustani Salala, viganja vimepasukapasuka.

Nikasema kwa sauti ili wote wasikie: "Kaka, na magaga hayo, mashine itakusoma kweli? Usije ukatuchelewesha sisi."

Akaweka vidole. Pii! Mara moja, vyote.

Zamu yangu. Nikaketi kwa madaha. Karani ni binti mwenye kope za bandia (mashauzi yake yanazidi yangu, na hilo si jambo dogo), hata hakuninyanyulia uso.

"Dole gumba."

Nikaweka. Kimya.

"Bonyeza."

Nikabonyeza. Kimya. Tukahamia kidole cha shahada. Taa nyekundu. Mkono wa pili. Taa nyekundu. Lahaula!

"Mashine yenu mbovu," nikamwambia. "Kule kwetu Maskati ukigusa tu inasoma." (Kule kwetu! Mtu wa Dimani, mbele ya watu wa kwetu.)

"Sugua kidole kwenye paji la uso, kipate mafuta kidogo."

Nikasugua. Poda ikaondoka na kidole, nyusi moja ya wanja ikahamia karibu na sikio. Taa nyekundu! Nyuma yangu watu wakaanza kukohoa kile kikohozi cha kubana kicheko.

Karani akanivuta mkono, akaugeuza kwenye mwanga. Kisha, mshenzi yule, akapaza sauti: "Dada! Wewe huna alama hata moja. Umebangua korosho?"

"Korosho? Mimi? Hizi ni dawa za kusafishia jiko hotelini."

"Mimi kwetu Mtawanya, kwenye mikorosho, dada. Kwa weusi huo chini ya kucha, hunidanganyi."

Mama mmoja akadakia: "Kabangua bila majivu? Mtoto wa nani huyu?"

Chumba kizima kikaangua kicheko. Yule wa Mloka, alikuwa ameshamaliza lakini hakuondoka (umbea tu!), akanisogelea. "Dada, magaga ninayo ya ziada. Nikuazime?"

Hapo machozi yakanitoka. Si ya aibu peke yake. Nyumba ninayomjengea mama imefika kwenye linta, na mimi naiona kazi inaniponyoka kwa ajili ya picha ya korosho. Iliniuma sana.

Karani, nami simsifu, alimpigia bosi wangu simu ya video. Nikasimamishwa mbele ya kamera, nyusi moja usoni, mikono juu kama mwizi. Bosi akauliza nimeunguzwa na nini. Nikaeleza, na watu wote wanasikiliza. Alicheka mpaka kofia ikamvuka. Halafu mkorofi yule akawaita wapishi wenzangu waje waone. Jiko zima! Alipomaliza kujifuta machozi, akasema atanisubiri mpaka viza iishe na si zaidi, na hadi ngozi iote nisiguse kitu chochote.

Kwa hiyo hivi sasa nimekaa kitandani, vidole nimevitumbukiza kwenye mafuta ya nazi. Simu yangu nayo hufunguka kwa kidole, na namba ya siri siikumbuki. Haya yote nayasema kwa mdomo, anayeandika ni wifi Salma, kwa simu yake. Kila sentensi anasimama kwanza acheke, na pale pa mama Maskati kapaandika kabla sijamaliza kusema. Jamani nyie msicheke, huyu mmoja ananitosha.