Kiti Changu na Kwaresima ya Shule Yenu

Mpendwa Sista Mkuu wa Shule,

Tumsifu Yesu Kristo. Sisi hapa nyumbani hatujambo, ila wengine tumesimama. Mimi ni baba wa yule binti wa darasa la sita mwenye maswali mengi, na ndiye fundi cherehani anayewashonea sare tangu kola zilipokuwa za mviringo. Nakuandikia kwa heshima zote kulalamikia haki.

Mwanzoni mwa Kwaresima mliwapitishia watoto kikapu chenye vikaratasi, kila mmoja aokote jambo la kufanya na familia yake. Enzi zetu tuliacha sukari, tukanuna, tukafika Pasaka salama. Binti yangu aliokota kilichoandikwa: "Mpishe aliyechoka." Tangu hapo sina raha, na sababu zangu ni hizi:

1. Nyumbani tuna kiti kimoja cha maana, chenye mito na mikono ya mbao. Ni changu. Hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini, maana kila mtu alijua kwa nini. Sasa kila jioni binti anaitisha kura ya kumtafuta aliyechoka kuliko wote, na mshindi ndiye anayekaa. Msimamizi wa uchaguzi ni mama mkwe wangu, ambaye pia ndiye aliyeshinda wiki yote ya kwanza. Baadaye akashika zamu mke wangu, kwa kuwa ni muuguzi. Mimi nilijieleza vizuri kabisa kuhusu mgongo wangu, nikapata kura moja, na hiyo niliipiga mwenyewe. Ni dada wa kazi tu asiyegombea. Kila akitajwa husema hajachoka, chakula kiko motoni.

2. Habari zimevuka ukuta. Mlinzi wa jirani, ambaye miaka yote hukalia ndoo iliyopinduliwa pale getini, alikuja kugombea akashinda kwa kishindo. Alikaa kwenye kiti changu, akatazama taarifa yangu ya habari mpaka mwisho, akaniomba niongeze sauti. Nikaongeza.

3. Dukani nina kiti kingine chenye mto, nyuma ya meza. Wasichana wangu wa kushona hukalia mabenchi. Binti alipita akitoka shule, akauliza kwa nini mto uko kwa anayeongea na wateja wakati migongo inayopinda iko kwenye cherehani. Mteja mmoja akasema hilo ni swali zuri. Tangu siku hiyo mto unazunguka kutoka cherehani hadi cherehani, na kinachoniuma zaidi ni kwamba mishono imenyooka.

4. Kanisani, Sista, mbele za watu. Benchi la kwanza, pembeni kabisa karibu na feni, kila mtu anajua pale ni pangu. Jumapili iliyopita binti alinigusa bega, akanionyesha mpishi wa shule yenu amesimama mlangoni kwa kukosa nafasi, na miguu yake ile inayosimama jikoni wiki nzima. Nikampisha. Padre akaniona, akatabasamu, akahubiri mahubiri marefu mimi nikiwa nimeegemea nguzo. Yale maneno nimeyasikia miaka mingi nikiwa nimekaa, na hayakuwahi kunisumbua.

Simpingi Mungu, wala haki. Haki ni somo zuri sana. Ila nilidhani ni kama jiografia: mtoto anafundishwa mambo ya mbali, anapata alama nzuri, tunampongeza, yanaishia hapo. Sikujua kuwa somo hili huwa linaletwa nyumbani.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Kwanza, mwambieni binti aache peremende kama Wakatoliki wengine. Pili, nijulishe kwa maandishi, na muhuri wa shule, haki hii inaisha lini hasa: ni asubuhi ya Pasaka, au ni baada ya chakula cha mchana? Nilimuuliza yeye, akanijibu, "Baba, Kwaresima itaisha, lakini watu wataendelea kuchoka." Jibu hilo limenitia wasiwasi.

Nisalimie masista wote, Padre na walimu. Msalimie na mpishi, umwambie pale karibu na feni asipazoee.

Ni mimi mzazi mtiifu, niliyeandika haya yote nimesimama,

Fundi wa Sare

Nyongeza: Nilipokuwa natafuta bahasha wameniita sebuleni. Leo nimeshinda, kwa kura zote, hata ya mama mkwe, maana nimekata vitambaa kutwa nzima. Nikakaa kwa fahari. Kisha nikataka maji, nikaita, kimya. Nikaenda jikoni, nikamkuta dada wa kazi amesinzia kwenye kigoda, mwiko mkononi. Huyu ndiye asiyechoka. Sista, nimeona aibu. Nimekibeba kiti mwenyewe mpaka jikoni, tumemkalisha, na chakula nimekoroga mimi, kimeungua kidogo tu. Ile tarehe niliyoiomba usinitumie. Kiti kimegoma kupita mlangoni kurudi sebuleni, nami sijakisukuma sana.