Desmond Huckerby Ni Wetu

Ijumaa, 24 Aprili

Leo nimeipata sera yangu. Nilikuwa supamaketi, nachungulia bei ya nyama za adui, nikaona kibandiko kidogo kwenye bekoni: SI KWA ULAYA. Moyo ulinipiga paa. Maneno matatu tu, na yote ya kizalendo. Kumbe tangu tujitoe kwenye Umoja wa Ulaya, serikali inataka kiwekwe kwenye vyakula vinavyokwenda Ireland ya Kaskazini, visije vikateleza mpakani vikaingia Ulaya. Soseji za bucha langu hazivuki hata daraja la Skelthorpe. Nitaziwekea vilevile.

Uchaguzi wa baraza la mji ni wiki ya pili kuanzia sasa. Umeya wetu huzunguka kiti kwa kiti, na mwaka huu ni zamu ya kiti changu, ilimradi nisikipoteze. Mkufu wa meya nimeshaujaribu, karani alipokwenda chooni. Unanikaa. Mke wangu Maureen anasema nitafanana na farasi wa maonyesho. Wivu huo.

Mpinzani ni Gwenda Tranter, mwoka mikate wa ng'ambo ya barabara. Hana chama, hana sera. Ana keki tu.

Jumatatu, 27 Aprili

Vibandiko vimefika. Nimebandika kila pakiti dukani. Mteja wa kwanza, Mzee Cuthbert Lamming, aliigeuza pakiti juu chini, akaniambia, "Desmond, wale wanakula konokono. Wanakula vyura. Kama hizi zako wamezikataa, umetia nini humo?"

Nikamweleza kwamba hawakuzikataa wao, tumewanyima sisi. Akasema hata hivyo leo atajaribu pai ya Gwenda. Kufikia jioni mji mzima ulishasikia kwamba soseji za Huckerby zimepigwa marufuku Ulaya. Chakula cha usiku: soseji.

Jumatano, 29 Aprili

Gwenda ametundika tangazo mlangoni: HATA WAFARANSA WANARUHUSIWA. Foleni imefika posta. Nilijifanya nafuta kioo cha dirisha ili niwaone wasaliti vizuri. Katikati yao alisimama mama mkwe wangu, Mama Edna, anayekaa kwangu ghorofani na kula kwangu. Anasema alikwenda kupeleleza. Amerudi na keki mbili kama ushahidi, na ushahidi ameula mwenyewe. Nina bahati ya kuwa na mkwe wa namna hii.

Alhamisi, 30 Aprili

Redio imetoa kura ya maoni. Watu wengi siku hizi wanajuta kwamba tulitoka Ulaya. Wengine wamekasirika kwamba hatukutoka vya kutosha, wanakimbilia chama kipya. Chama changu kimebaki katikati kama mtu aliyekosa mabasi yote mawili.

Nikafungua droo ya soksi. Maua yangu ya utepe ya kuvaa kifuani yamo, kila moja rangi ya chama chake. Nimewahi kuwa katika vyama vitatu. Watu wanasema nahamahama. Sihami mimi. Wapiga kura ndio wanahama, mimi nawafuata ili niwahudumie. Maureen akaniuliza swali la kijinga kabisa, kwamba mimi mwenyewe naamini nini. Nikamwambia hizi ni siasa, asichanganye mambo.

Kweli, zamani Bwana Verhulst wa Ostend, kule Ulaya, alichukua soseji zangu kila wiki. Tulipotoka, soseji mbichi zikawa haziruhusiwi kuvuka, naye akaacha kuagiza. Nilishasema jukwaani kwamba dunia nzima inatusubiri, kwa hiyo nikawaandikia Nyuzilandi. Walijibu kwa adabu sana kwamba nyama wanayo, tena wangependa kutuuzia. Sasa kondoo wao wamo kwenye pai za Gwenda.

Jumamosi, 2 Mei

Mkasi! Unakata SI, inabaki KWA ULAYA. Mtaa wa Stesheni, ambao Ulaya hawataki kuisikia, wanapata kibandiko kizima. Mtaa wa Kanisa, wenye majuto, wanapata kilichokatwa. Sera mbili, soseji moja. Sijui kwa nini London hawajanipigia simu.

Vipande vya SI vimejaa sanduku, na gundi yake ni kali ajabu. Sitaki hasara. Nimempa Mama Edna fungu zima avitumie kubandikia mabango yangu mjini. Mabango yanasema DESMOND HUCKERBY NI WETU. Mama amesema magoti yanamsumbua, lakini kwa ajili yangu atajikongoja. Machozi yalinilenga.

Jumanne, 5 Mei

Kuna madada wawili hapa mjini, mmoja anakaa Stesheni, mwingine Kanisa. Walikutana kunywa chai, kila mmoja na pakiti yake, wakalinganisha vibandiko. Leo amekuja bwana wa ukaguzi wa biashara. Amesema kuandika KWA ULAYA kwenye soseji zisizoruhusiwa Ulaya ni kudanganya wateja. Nikamwambia usijali, haziendi Ulaya. Akauliza kwa nini basi zimeandikwa hivyo. Nikamwambia zimeandikwa SI KWA ULAYA. Akauliza SI iko wapi. Nikamwonyesha sanduku.

Amebeba soseji zote. Hata chai amekataa.

Jumatano, 6 Mei

Nimezunguka mjini kuona mabango. Kila ukuta, kila nguzo: DESMOND HUCKERBY SI WETU. Kipande kimoja cha SI kimekaa sawasawa juu ya NI, kimenyooka kama kimepigiwa rula. Nilijaribu kukibandua, bango likachanika na nusu ya sura yangu. Gundi nzuri sana ile.

Mama Edna anasema hakuvaa miwani. Maskini. Juzi alisoma tarehe kwenye kopo la samaki akiwa upande wa pili wa jiko, lakini macho ya wazee huja na kuondoka.

Ijumaa, 8 Mei

Gwenda amenishinda kwa kura moja. Wamehesabu tena. Moja.

Nimemuuliza Maureen alimpigia nani, akasema kura ni siri. Nimemuuliza Mama Edna, naye akasema siri, mdomo umejaa keki. Basi sitajua kamwe.

Mkufu utakwenda ng'ambo ya barabara. Karani amepita kuuliza kama najua ulipataje mafuta ya nguruwe. Alipoondoka nilikaa stoo kati ya ndoano tupu, nikalia. Miaka yote hii nilitaka mtu mmoja tu aniite Mheshimiwa Meya, hata kwa bahati mbaya.

Jumapili, 10 Mei

Redio inasema serikali inaongea na Ulaya kuhusu vyakula, na huenda vibandiko vikaondolewa kabisa. Na diwani mmoja anahamia Hispania, kwa hiyo Juni kuna uchaguzi mdogo. Nimefufuka.

Nimelala nikiwaza, nimegundua kosa lilikuwa wapi. Siyo vibandiko. Siyo sera. Ni lile neno NI, ni fupi mno, linafunikika. Mabango mapya yatasema DESMOND HUCKERBY NDIYE. Hapo nani atafunika nini?

Nimemwonyesha Mama Edna. Ametazama, akazipima zile herufi NDI kwa kidole gumba, akauliza kama vile vipande vimebaki. Nikamwambia sanduku karibu zima. Akasema basi niache nafasi kidogo kabla ya YE, na kubandika nimwachie yeye. Nimemteua mkuu wa kampeni.