Asilimia Tisa ya Unyevu

Jumatatu, 3 Machi

Nimeumbuka. Mimi niliyekuja chuoni kusomea mitambo, injini, vitu vinavyonguruma, nimepangiwa taka ngumu! Somo la injini limejaa. Nilichelewa kujiandikisha kwa kuwa nilikuwa napanga mbinu ya kuwa wa kwanza.

Tunafanya kazi wawili wawili. Bahati yangu nimempata Rula, msichana niliyeanza naye mwaka wa kwanza, anayepima kila kitu mpaka kipande cha mkate. Yeye atatengeneza mashine ya kushindilia taka za jikoni. Mimi nitapima taka zenyewe kwa siku saba, hasa unyevu wake. Tarehe ishirini atakuja mhandisi wa kiwanda kuchagua mwanafunzi mmoja wa kwenda kufanya mafunzo kazini. Rula anaililia nafasi hiyo tangu tuingie hapa.

Mama kapiga simu kuuliza nasoma nini muhula huu. Nimemwambia mitambo. Pipa sikulitaja.

Jumanne, 4 Machi

Utaratibu wa mhadhiri: mwaga rundo, changanya kwa koleo, gawa mafungu manne, tupa mawili yanayotazamana, changanya tena, gawa tena, mpaka ibaki ndoo moja. Pima. Weka kwenye tanuri la maabara siku nzima. Pima tena. Kilichopungua ndiyo maji.

Nilifika fungu la pili nikatapika juu ya la tatu. Unyevu ukaongezeka. Ikabidi nianze upya.

Mpishi mkuu wa bweni alikuwa kasimama mlangoni, mikono kiunoni. Akauliza nafanya nini na chakula chake. Nikamjibu kwamba napima kilichobakizwa na wanafunzi. Kosa kubwa! Akataka kujua nani kanituma kuhesabu waliokataa wali wake.

Jumatano, 5 Machi

Mpishi kaficha mabaki! Mapipa matupu, yamesuguliwa mpaka yanang'aa. Anadai kwamba kwake watu humaliza sahani. Nikajaribu upole. Nikamwamkia mara mbili. Aliitikia mara moja.

Nikiwa narudi na ndoo tupu nikapita maktaba. Mapipa yao yamejaa karatasi, maboksi, kalamu zilizokwisha wino. Hakuna hata inzi mmoja! Nikasimama pale nikiwaza, na kila nilivyowaza nilizidi kujipenda.

Ijumaa, 7 Machi

Nimepima taka za maktaba. Dakika ishirini tu za koleo jana, tanuri likamaliza leo, na mikono inanukia karatasi. Juu ya kila ukurasa nimeandika "taka za jikoni" kwa mwandiko wangu mzuri. Siku zilizobaki nimezijaza hapa hapa kitini, nikiongeza kidogo huku, nikipunguza kidogo kule. Wastani wa unyevu: asilimia tisa.

Jumatatu, 10 Machi

Nimemkabidhi Rula vipimo. Aliviinamia muda mrefu. Akauliza inakuwaje taka za jikoni ziwe kavu kuliko unga. Nikamwambia mpishi wetu ni mbanifu. Akauliza kama nilipima kwa mikono yangu. Nikasema ndiyo.

Akasema basi, kama nilipima mwenyewe yeye hana neno. Akachukua kifutio, akafuta kwenye mchoro wa mashine tundu la kutolea maji. Lilikuwa tundu dogo tu. Sijui kwa nini nimeshinda nalo kichwani.

Jumatano, 19 Machi

Mashine imekamilika. Ya kijani, nzuri, imezibwa chini kwa bamba zima. Nilikwenda karakana kumwambia Rula ukweli. Kweli kabisa, nilikwenda. Nikamkuta anapiga pasi shati lake jeupe juu ya meza ya kuchomelea. Akanishukuru. Akasema peke yake asingefika hapa. Nikageuka nikarudi bwenini, na tangu hapo siwezi kula.

Lakini nina mpango. Kesho, badala ya gunia la jikoni, nitaweka la maktaba. Na ili mpishi asiniharibie, nimekwenda kumsifia. Nimemwambia kesho jiko lake ndilo litakalotazamwa na mgeni. Alifurahi mno.

Alhamisi, 20 Machi

Nimekwisha.

Mpishi alifurahi kupita nilivyotaka. Gunia langu alilisukuma kando kwa mguu, akasema mgeni hawezi kupewa karatasi wakati jiko lake lipo. Alikuja na ndoo mbili: maganda ya viazi, nyanya zilizooza, maharage ya jana na mchuzi wake. Akazimimina mwenyewe ndani ya mashine, anatabasamu. Mimi nikasogea nyuma hatua mbili.

Rula akabonyeza kitufe. Bamba la kushindilia likashuka. Maji yakakosa pa kutokea, yakajitafutia. Yalimpata mhandisi kifuani, mhadhiri kwenye miwani, na shati jeupe la Rula lote, kola mpaka pindo. Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, kwa woga, na Rula akaniona.

Mhandisi akauliza nani alipima unyevu. Rula akajibu kwamba tulipima sisi. Sisi! Na nilivyomtazama nikajua ameshaelewa kila kitu.

Ijumaa, 21 Machi

Nimemkuta nyuma ya karakana anafua shati. Aliniuliza swali moja tu, kama nilipima. Nikasema hapana. Hakunitukana. Heri angenitukana, ningelala.

Mhandisi hajachagua mtu. Kasema kazi ya kuchomelea ya Rula ni safi, na atarudi baada ya wiki mbili, mara ya mwisho, aione mashine iliyorekebishwa pamoja na vipimo vya kweli vya siku saba. Rula atakuwa anakata bamba upya kutwa. Mhadhiri hakubali tubadilishiwe wenza. Kwa hiyo Rula akavua glavu zake akanipa. Akasema hana mtu mwingine.

Nimelia chooni, maji ya bomba nimeyafungulia yote. Naapa sitamdanganya Rula tena maisha yangu yote. Nimeandika kiapo hiki kwa wino mwekundu.

Jumatatu, 24 Machi

Nimepima! Rundo, koleo, mafungu manne, yote. Sikutapika. Glavu za Rula zinanibana vidole, na nilifurahi zikinibana. Hata mpishi hakununa. Alinishikia ndoo, akaniambia pole. Trei imeingia kwenye tanuri. Mimi ni mtu mpya.

Jumanne, 25 Machi

Nimetoa trei ya jana. Asilimia sabini na moja! Nikakimbia nayo karakana. Rula aliisoma mara mbili, akachora lile tundu upya, kubwa zaidi. Halafu akatabasamu, kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi. Nusura nilie tena.

Nilipotoka, mvua. Mapipa yako nje, na koleo liko huko huko. Mtu mwenye glavu za mwenzake hawezi kuziloanisha ovyo. Nimeziosha, nimezitundika msumarini zikauke vizuri. Na tukisema ukweli, viazi vya leo ni vile vile vya jana, na wanaovimenya ni wale wale. Nimeandika sabini nukta nne, ili ionekane imepimwa. Kesho pia nimeshaiandika, nisije nikasahau.