Tembo, Punda na Samadi Yangu

Jumapili, 27 Oktoba 2024

Nimechoka. Sijashika jembe leo, lakini kichwa kimelima.

Baada ya misa kikundi chetu cha kusaidiana kilipanga zamu za kubeba samadi. Tuko watu kumi na wawili hapa kijijini Daudi. Punda wote wanakusanywa, watu wote wanakuja, shamba la mmoja linamalizika, kesho yake mnahamia kwa mwingine. Tunaanza Jumamosi. Mimi nimepewa zamu ya kumi na moja! Mtu kama mimi! Mtu niliyembebea Mmarekani begi mpaka kilele cha Mlima Hanang mwaka 1988, akanipa siri za Ikulu yao. (Mke wangu Mectilda anasema alikuwa Mholanzi, na begi nililitua kwenye kijito cha kwanza. Mectilda hakuwepo.)

Zamu ya kumi na moja maana yake mvua. Mvua ikishuka, samadi inakuwa uji na punda hawapiti. Mwaka jana mahindi yangu yalinifika magotini, na mimi si mrefu. Mectilda amesema yakiwa hivyo tena anakwenda kukaa kwa dada yake kule Dongobesh. Hakusema kwa hasira. Ndiyo maana naogopa.

Nilimwomba mwenyekiti, Mama Perpetua, anisogeze mbele. Akasema nilichelewa kikao. Kweli nilichelewa. Nilikuwa getini nawaeleza watu habari za Mmarekani.

Jumatatu, 28 Oktoba

Redio imeniokoa. Inasema Marekani wanachagua rais wiki ijayo, na watu wamegawanyika vibaya sana. Chama kimoja alama yake ni tembo, kingine punda. Ndugu hawasemezani. Baba hali meza moja na mwanawe. Wanachukiana kwa ajili ya mtu ambaye hajawahi kufika kwao hata siku ya msiba.

Nikakaa, nikafikiri. Taifa kubwa vile linapasuka katikati. Kikundi cha watu kumi na wawili kinashindwaje? Kikipasuka, huku sita, kule sita. Upande wangu mwenyekiti ni mimi. Mwenyekiti ndiye anayeanza. Jumamosi samadi yangu iko shambani!

Wakati mwingine najiogopa mwenyewe.

Jumanne, 29 Oktoba

Kilabuni. Nikatangaza kwamba mimi ni tembo. Nikasema Mmarekani wangu aliniambia kwa mdomo wake, tumekaa kileleni, kwamba punda wakitawala, Wazungu wataacha kula maharage. Sasa sisi na maharage yetu twende wapi? Alfredi akapiga meza, akasema nimeanza tena uongo wangu. Mwalimu Bryson, yule aliyehamishiwa hapa kutoka Bukoba, akasoma kitu kirefu kwenye simu kuwatetea punda. Nikamwambia simu yake haijapanda mlima. Nicodemo akanipigia makofi. Ndani ya saa moja hakuna tembo aliyekubali kukaa benchi moja na punda.

Kazi safi. Kiuno kinauma.

Alhamisi, 31 Oktoba

Kikundi kimekufa! Mama Perpetua alijaribu kuitisha kikao, tembo wakasusa, wakakubali Jumamosi tuanze na samadi yangu. Alfredi amemrudishia Nicodemo panga aliloazima mwaka juzi. Hiyo ni vita kamili.

Hasara ipo. Nimekutana na Mwalimu Bryson njiani, hakunipa shikamoo. Kasema, "Mambo." Mambo! Mimi! Nilikaa kwenye jiwe kwa muda.

Mectilda anaandaa togwa ya watu wa Jumamosi. Aliniuliza kama nina uhakika na ninachofanya. Nikamjibu sijawahi kukosea. Akanitazama kama mtu anayetazama ng'ombe wa jirani.

Jumamosi, 2 Novemba

Tembo walikuja. Watano, na mimi wa sita. Saa mbili asubuhi tukasimama mbele ya rundo la samadi. Tukatazamana. Nicodemo akauliza punda wako wapi.

Punda!

Kumbe kila mwenye punda amekwenda chama cha punda. Wote! Akonaay, kaka yake Mectilda, ana punda watatu. Tangu Jumanne alishasema hawezi kumkana mnyama anayemletea maji kila siku. Hakuna aliyesikiliza sera hata moja. Upande wangu wamebaki watu ambao hawajawahi kufuga hata jogoo. Nani angejua? Redio haikusema.

Tukabeba kwa mifuko, kichwani. Safari mbili. Kabla ya ya tatu Nicodemo akasema tembo ana heshima zake, habebi mavi ya mwenzake. Wakamaliza togwa yote, wakawatukana punda mpaka saa sita, wakaaga vizuri.

Rundo halikupungua. Nadhani limeongezeka.

Jumapili, 3 Novemba

Nilikwenda kwa Akonaay kumgeuza. Nikamwambia shemeji, tembo ana nguvu, dunia nzima inamwogopa. Akasema hata yeye anamwogopa, maana mwaka juzi tembo walitoka msituni wakamlia mahindi yote. Halafu akasema, "Shemeji, hebu niambie, tangu uzaliwe tembo amekubebea nini?" Mkewe akacheka. Punda nao, naapa, walicheka.

Nikashusha bei ya maneno. Nikaomba kuazima punda mmoja tu, yule mdogo. Akasema huyo ndiye mkali wa siasa kuliko wote.

Jumatatu, 4 Novemba

Nimehamia punda. Mtu mkubwa anajua siku ya kuhama. Nilisimama kilabuni nikatubu mbele ya wote. Nikasema sasa nakumbuka vizuri, yule Mmarekani fulana yake ilikuwa na punda. Tembo wakaniita msaliti. Nicodemo anataka jasho lake la mifuko miwili. Punda nao wakasema wanachama wapya watapokelewa baada ya matokeo.

Marekani nzima ina pande mbili tu, na mimi nimezikosa zote.

Jumatano, 6 Novemba

Tembo ameshinda.

Siku mbili! Ningevumilia siku mbili tu!

Alhamisi, 7 Novemba

Asubuhi nilikwenda kwa Akonaay kuwapa pole punda wenzangu. Niliona watanipokea wakiwa wanyonge. Nikakuta watu kumi na mmoja shambani kwake. Tembo na punda pamoja! Wanyama wanapanda na kushuka na mizigo. Nicodemo anamwambia Alfredi, "Ee mshindwa, swaga hao!" Alfredi anamwambia, "Ee mshindi, zoa hayo!" Wanacheka mpaka wanashika mbavu.

Nikamuuliza Mama Perpetua wamepatana lini. Akasema jana, redio ilipotangaza. Kila mtu akaona Marekani wameshamaliza yao na samadi bado iko nyumbani. Nikauliza mbona hawakuniita. Akasema kwa upole kabisa, "Baba, tulijua una kazi za kitaifa." Halafu akanikumbusha kanuni: anayekivunja kikundi anakwenda mwisho wa mstari. Zamu yangu ni ya kumi na mbili.

Hakuna aliyenitukana. Mwalimu Bryson akanipa shikamoo. Nikaitika marahaba.

Jumamosi, 9 Novemba

Mvua. Tangu jana mchana haijapumua. Samadi yangu imekuwa mto mdogo, na unateremka moja kwa moja kwenye shamba la Akonaay. Amenitumia salamu za shukrani.

Mectilda amefunga nguo kwenye kikapu. Anakwenda Dongobesh. Nilimbebea kikapu mpaka barabarani, nikiteleza. Nikamwambia asihofu, mimi ninajifunza haraka. Akasema ameishi nami miaka ishirini na sita, haraka hiyo anaijua. Gari likaja. Hakusema anarudi lini, lakini alinifunga kifungo cha koti kabla ya kupanda. Nimekifikiria hicho kifungo siku nzima.

Nyumba iko kimya. Nikawasha redio.

Kumbe Jumatano ile ile serikali ya Ujerumani nayo imevunjika! Vyama vilivyokuwa vinatawala pamoja vimegombana. Na vilikuwa vitatu! Nikachukua kalamu. Kumi na wawili ukigawa kwa tatu, ni wanne wanne. Katika watu wanne, hata zamu ya mwisho ni ya nne tu! Sasa naona Wamarekani walipokosea. Pande mbili hazitoshi.

Mvua ikikatika nawahi kilabuni. Nimeshachagua chama.